Kaye Tisa Ndani ya Mfuko wa Unga

Mama mmoja aliingia darasani baada ya wanafunzi kuondoka, akafungua kitenge, akakilaza kibuyu juu ya dawati taratibu kama anayelaza mtoto. Kilikuwa kibuyu cha kusukia maziwa, igisabo kwa lugha ya kwao, cheusi kwa moshi na laini kwa siagi ya miaka mingi.

"Mwalimu," alisema, "bibi yangu alikibeba kutoka Rwanda mpaka Gishari. Siku hizi tunatumia ndoo za plastiki. Nakuachia, lakini usikiweke bila safari yake. Andika."

Mwalimu akachukua kaye, yaani daftari, akaandika. Ndiye mwandishi wa kurasa hizi, na amechagua kujisimulia kama jirani anavyomsimulia jirani, maana sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameitumia kuandika habari za watu wengine.

Yeye ni Mnyanga wa Walikale, mashariki ya Kongo, aliyepelekwa kufundisha historia Masisi. Maeneo hayo mawili yanapakana, lakini mtu akitoka moja kwenda jingine huhisi kama amebadilisha dunia. Walikale ni msitu, zaidi ya kilomita za mraba 23,000 za miti, mito na mitego ya wawindaji. Masisi haifiki kilomita za mraba 5,000, nayo ni milima ya majani mabichi, ng'ombe, jibini ya duara na baridi ya asubuhi. Mto Osso huzifunga pamoja: huanzia milima ya Masisi, ukateremka hadi kuungana na Lowa huko msituni.

Kazi ya makumbusho yake madogo ya shule, ambamo kibuyu kile kiliwekwa, ilianza kwa somo lililokwama. Watoto waliweza kutaja wafalme wa Ubelgiji kwa mpangilio, lakini hakuna aliyejua nani alifyeka shamba la kwanza kwenye kilima walichosomea. Mwalimu akawaomba kila mmoja alete kutoka nyumbani kitu kimoja kilichomtangulia kuzaliwa. Wakaleta nyundo ya mhunzi, jembe lililolika hadi kubaki kama kijiko, chungio la kukaushia maua ya pareto, na mkufu wa butea, ile fedha ya zamani ya nyuzi za mwale ambayo Wanyanga na Wahunde waliilipa mahari. Chumba cha stoo nyuma ya darasa kikapata rafu za mbao za masanduku.

Ndipo likazuka swali ambalo Masisi halijawahi kuwa jepesi: watangulizi ni akina nani? Wahunde walikuwa wakilima milima hii chini ya bami wao, yaani machifu, kabla Mzungu hajafika. Kisha, kuanzia 1937 hadi 1955, serikali ya kikoloni ilihamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwapa makazi Gishari, hapa Masisi, na kandokando yake, kwa kuwa Rwanda ilibanwa na njaa na wingi wa watu, na walowezi wa Kivu walitaka mikono ya kuchuma chai, kahawa na pareto. Uamuzi huo ulifanywa na watu ambao hawakulala hata usiku mmoja katika vibanda vya watu hao. Vitukuu wa pande zote mbili bado wanaulipia, na wengi wameulipia kwa damu.

Mzee mmoja wa Kihunde alikataa jembe la babu yake likae rafu moja na kile kibuyu. Mwalimu hakubishana naye. Alimsomea ukurasa wa kibuyu, kisha akafungua ukurasa mtupu, akamwomba aeleze jembe. Mzee alisimulia alasiri mbili: mfua chuma, mlima, mwaka wa njaa, wana waliozikwa. Alipomaliza alilisogeza jembe shubiri moja kulia, akaliacha pale.

Desturi hiyo ya kuandika kila neno mwalimu aliirithi Walikale. Mwaka 1956, mtafiti wa Kibelgiji Daniel Biebuyck alimsikiliza Shekarisi Rureke, msimulizi wa Kinyanga, akiimba, akicheza na kusimulia kwa siku 12 utenzi wa Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, ambaye baba yake alimfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Biebuyck na wasaidizi wawili wa Kinyanga waliandika kwa mkono. Mwaka 1969 utenzi ulichapishwa California, Biebuyck akishirikiana na mwanaisimu Mnyanga Kahombo Mateene. Mwalimu alipoona nakala yake mara ya kwanza, alishika kurasa hizo kwa mikono miwili. Sauti ya mtu wa msituni ilikuwa imevuka bahari, ikarudi nzima.

Alifahamu pia kwamba Wasukuma wana makumbusho yao Bujora, karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, na kwamba Kinshasa ilifungua Makumbusho ya Taifa mwaka 2019. Yeye alitamani tu paa lisilovuja.

Hata hilo hakulipata. Watu wenye bunduki walipita, chumba kikavunjwa, mbao za rafu zikawa kuni. Kibuyu alikikuta vipande mlangoni. Kaye tisa zilikuwa nyumbani chini ya kitanda; alizitia katika mfuko wa unga, akazibeba mgongoni mpaka Sake, kisha Bulengo, nje ya Goma, ambako turubai zilisimikwa juu ya mawe ya volkano.

Jioni moja kambini hapo, mzee wa Kinyanga aliketi karibu na watoto akiwaeleza jinsi butea ilivyosokotwa. Mikono yake ilizunguka hewani bila kitu. Mwale haumei juu ya mawe yale. Akachomoa nyuzi za mfuko mtupu wa mchele, akazikunja juu ya paja, akasokota. Watoto wakasogea. Mmoja akauliza mke mmoja aligharimu butea ngapi, na mzee akaanza kuhesabu kwa Kinyanga.

Mwalimu akatoa kaye ya tisa, iliyobakiza kurasa nne. Akaandika: *Butea. Nyuzi za mfuko wa mchele. Imesokotwa Bulengo.* Kisha akamwomba mzee aanze tena, polepole, tangu mti wenyewe.