Mto Gucha na Swali la Daktari

Ukishuka kwenye matatu Ogembo, msomaji, unapokewa na hewa baridi. Vilima vimejaa migomba na majani chai. Bondeni Mto Gucha unateremka kuelekea Migori, ambako huitwa Kuja, hadi Ziwa Victoria.

Kwa mwanafunzi wa uzamifu anayechunguza saratani ya damu, mteremko huu ni somo. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alimwona mtoto aliyevimba taya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilomita 16,000 hivi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Wakabaini kuwa uvimbe huo wa saratani umeenea penye joto na mbu, ila ni adimu milimani.

Leo malaria ya mara kwa mara na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa 1964, ndivyo vinavyolaumiwa. Lakini watoto wengi hupata vyote viwili. Mbona wachache tu ndio huugua? Hilo ndilo swali la mtafiti.

Nawe mzazi, mlima si ukuta. Taya la mwanao likivimba, usikimbilie kumng'oa jino. Mpeleke hospitali upesi. Akiwahiwa, aweza kupona.