Alifu kwa Watu Wazima



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu wa Kasese na Bwera, mara hii tunazungumza juu ya filamu, na msishangae. Ni The First Grader ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Justin Chadwick, na kisa chake ni cha kweli, cha jirani zetu Kenya. Mzee Kimani Maruge, aliyepigana Mau Mau, alianza darasa la kwanza Eldoret Januari 2004 akiwa na miaka 84. Mwaka 2003 serikali ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi. Akasikia elimu ni ya wote, akaamini hivyo hivyo.

Katika filamu anarudishwa getini, anaambiwa hana sare. Anakuja tena amekata suruali yake kuwa kaptula, na soksi ndefu mguuni. Oliver Litondo anaigiza kwa utulivu, maneno machache. (Wazazi, wadogo wasiitazame: kuna picha za mateso ya kizuizini.) Mzee mwenyewe alifariki Agosti 2009, kabla haijatoka.

Kilichotugusa zaidi ni sababu yake. Maruge alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, asitegemee kuambiwa tu. Basi sisi wenye Qur'ani tuna udhuru gani?

Udhuru upo, na tunaujua. Wengi wa watu wa makamo hapa mpakani walikuwa watoto Novemba 1996, waasi wa ADF walipovamia Mpondwe na Bwera. Familia zikakimbia, mwaka ukawa miaka, chuo kikaachwa kwenye alifu na bee. Leo mtu huyo ana duka, anapiga hesabu ya shilingi na faranga kichwani, lakini msahafu umefungwa kitambaa juu ya kabati. Ukimwita anasema, "Ustadh, nikakae na watoto?" Mmoja alituambia wazi kuwa hawaogopi majirani, anamwogopa mwanawe wa miaka tisa, anayesoma vizuri, asije akamsikia anavyokwama.

Imamu Bukhari, baada ya kutaja usia wa Sayyidna Umar kwamba watu wajifunze dini kabla ya kupewa uongozi, ameongeza: na baada yake pia, kwani Masahaba walijifunza wakiwa watu wazima. Na anayesoma kwa taabu, anakwama na kurudia, Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa ana malipo mawili.

Sisi tumewatenga na watoto, wanakuja baada ya Isha. Hawataki kuitikia kwa pamoja kama darasa la asubuhi. Wanauliza maana ya aya kabla hawajaimaliza, jambo ambalo watoto hawafanyi, na nusu saa tuliyopanga hugeuka saa nzima. Mkubwa wao kwa umri amefika Suratul Fiil. Anasoma kwa miwani ya mkewe, kwa hiyo mkewe naye sasa anakuja.