SAFARI YA MUGOMA: KUNI, MIGOMBA NA MJI UNAOKUJA

Watu wengi wakisikia jina la Ngara hudhani ni mwisho wa nchi tu, mahali pa kupita kwenda Rwanda au Burundi. Lakini mwenye macho na atazame: wilaya hiyo ina somo kubwa kwa kila nyumba yenye jiko, iwe ya kijijini au ya mjini. Leo nawaalika twende pamoja mpaka Mugoma, mojawapo ya kata za wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, na njiani tusimame kidogo mahali panapostahili kusimama.

KUTOKA BIHARAMULO

Msafiri atokaye Biharamulo hufuata njia ya Lusahunga na Nyakahura. Ni njia ya malori makubwa, yapandayo milima kwa kunguruma, yamebeba mizigo ya nchi jirani. Mkono wa kulia na wa kushoto ni mapori. Sehemu ya mapori ya upande huo, yaani Biharamulo, Burigi na Kimisi, ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019. Kando ya barabara waweza kuona magunia ya mkaa yamesimama, yakingoja mnunuzi mwenye gari. Mkaa ule haupikiwi hapo. Wapelekwa mjini, na mji hauoni kisiki kilichobaki nyuma.

Ukiingia wilaya ya Ngara, nchi hubadilika. Vilima hukaribiana, mabonde huwa membamba, na upepo wa jioni huwa wa baridi. Hapo ndipo utafika Benaco.

MJI ULIOZALIWA KWA SIKU MOJA

Jina Benaco si la Kihangaza wala la Kishubi. Ni jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara, iliyokuwa na kambi yake mahali hapo. Dunia yote ililijua jina hilo mwaka 1994. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili mwaka ule, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi. Wakaketi Benaco, na baadaye katika kambi nyingine za jirani. Kwa siku moja ulizaliwa mji, mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania ya wakati ule, nao haukuwa na bomba wala umeme. Wala hapakuwa na mtu aliyepata nafasi ya kuuliza: Je, watu hawa watapikia nini?

Basi walipikia miti. Hawakuwa na njia nyingine, maana mahindi na maharage ya msaada hayaliwi mabichi. Nani angemlaumu mama mwenye watoto wenye njaa? Lakini hesabu ni hesabu. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilikadiria kwamba wakati wa shida kubwa, kambi za Kagera ziliteketeza zaidi ya tani 1,200 za kuni kila siku. Fikiri lori libebalo tani 10: hiyo ni misafara ya malori 120, leo na kesho na kesho kutwa. Mpaka wakimbizi wa Rwanda waliporudi kwao mwezi wa Desemba 1996, eneo la kilomita za mraba 570 za misitu lilikuwa limeguswa, na katika hizo 167 zilikuwa zimeharibiwa vibaya. Wenyeji nao, ambao zamani waliokota kuni karibu na nyumba, sasa walizifuata mbali.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Katika kambi hizo hizo watu walifundishwa kuloweka maharage kabla ya kupika, kufunika chungu, kukausha kuni, na kujenga majiko ya udongo yanayokinga moto. Miti mingine ilitiwa alama isiguswe, na miche mingi ikapandwa. Visiki vilivyoachwa bila kung'olewa, vingi vilichipua tena. Mambo hayo hayakuhitaji mashine kubwa. Yalihitaji mikono, na watu kukubaliana.

MUGOMA NA MIGOMBA YAKE

Kutoka hapo barabara hugawanyika: moja yaenda Rusumo, nyingine yaelekea Ngara mjini na mpaka wa Kobero. Mto Ruvubu, utokao Burundi, hupita chini ya vilima, ukaungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Ng'ambo ya mto ndiyo nchi ya migomba.

Mgeni atazamaye kibanja cha huku aweza kusema, "Mbona vurugu?" Migomba, mibuni, maharage na maboga, vyote mahali pamoja. Si vurugu, ni utaratibu wa wazee. Mgomba humpa mbuni kivuli. Majani makavu ya mgomba hutandazwa chini, yakahifadhi unyevu na kuzuia magugu. Maganda ya ndizi hupewa mbuzi na ng'ombe, na samadi yao hurudi shinani. Jani bichi hufunika chungu, hufungia chakula cha safari, na mvua ikikukuta njiani huwa mwavuli. Katika nyumba ya namna hiyo taka ni kitu cha nadra, kwa kuwa kila kilichobaki kina kazi yake.

Kwa kweli, siku hizi wataalamu wa miji mikubwa huandika vitabu vizima kufundisha watu kutenga taka za jikoni na kuzigeuza kuwa mbolea. Bibi zetu wa Ngara walifanya hivyo bila kitabu. Basi tusione haya kwa desturi hiyo, tukaiacha siku tutakapojenga nyumba ya bati na saruji.

MAFIGA MATATU

Lakini liko jambo moja ambalo desturi yetu haitoshi tena, nalo ni mafiga. Mafiga matatu ni jiko la heshima, limelea vizazi. Shida yake ni kwamba liko wazi pande zote. Upepo ukivuma, moto huenda upande, na joto hupasha hewa badala ya chungu. Moshi hujaa jikoni, ukaumiza macho na vifua vya mama na watoto wadogo wakaao naye. Zamani, kuni zilipokuwa nyuma ya nyumba, hasara hiyo haikuonekana. Leo, binti akiacha daftari lake ili afuate kuni mbali, hasara yaonekana wazi.

Na tuangalie mambo manne tu.

Kwanza, kuni ziwe kavu. Kuni mbichi hutumia joto lake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake yenyewe, kisha ndipo lianze kupika chakula chako. Zipasuliwe nyembamba, zipangwe mahali pasiponyesha.

Pili, maharage yalowekwe usiku kucha. Asubuhi yamelainika, na muda wa moto hupungua sana.

Tatu, chungu kifunikwe. Mvuke upandao juu ni kuni zinazotoroka.

Nne, jiko lizungushiwe ukuta wa udongo, lenye mdomo mmoja wa kuni na nafasi ndogo kuzunguka chungu. Ndilo jiko banifu. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa hufaa, na fundi wake aweza kuwa baba mwenyewe mwenye nyumba. Nasema baba, kwa sababu katika nyumba nyingi mama ndiye abebaye kuni, na baba ndiye asemaye jiko la zamani latosha. Abebe yeye mzigo juma moja, kisha tusikie maoni yake.

MITI, MAJI NA UDONGO

Jiko likitumia kuni chache, bado miti sharti ipandwe. Mkaratusi hukua upesi, na ukikatwa huchipua tena. Kwa hiyo wafaa kwa kuni na nguzo. Lakini hunywa maji mengi, hivyo usiupande karibu na chemchemi wala katikati ya shamba. Mgrevilea hukaa vizuri mpakani mwa kibanja, na matawi yake hukatwa kwa kuni bila kuua mti.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengine huiona kama amri ya kuwanyima ardhi. Lakini nchi yetu ni ya miteremko. Mtu akilima mpaka mtoni, mvua moja kubwa hushusha udongo wake mzuri bondeni. Ruvubu huupokea na kuupa Kagera, Kagera huupeleka Ziwa Victoria, na kutoka huko ni safari ya Nile mpaka Misri. Kwenye maporomoko ya Rusumo pamejengwa pia mtambo wa umeme wa megawati 80, unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Udongo wa vilimani unaoshuka mtoni ni mzigo kwa mtambo huo nao. Mwenye kulima kwa makinga maji na kupanda majani ya ng'ombe kwenye kingo za matuta, analinda shamba lake na taa ya jirani yake kwa pamoja.

MJI UNAKUJA

Tusidhani kwamba kijiji kitakuwa kijiji milele. Penye njia panda huja duka, duka huleta mgahawa, mgahawa huleta gesti, na baada ya miaka michache watoto wetu watakaa mjini bila kuhama. Benaco ulikuwa mji wa siku moja. Miji mingine huzaliwa polepole. Lakini swali ni lile lile: Watapikia nini, na taka zao zitakwenda wapi?

Jirani zetu wamejibu sehemu ya swali hilo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na huko Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu hutoka kufanya kazi za pamoja. Tanzania ikapiga marufuku mifuko hiyo kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Rambo zimepungua, lakini chupa na vifuko vyembamba bado vipo. Mbuzi akivimeza hufa. Na wale wanaowashia moto kwa plastiki wajue kwamba moshi wake ni sumu kwa walio jikoni. Kikapu cha ukindu na jani la mgomba havijapigwa marufuku mahali popote.

Kuhusu jiko, Serikali ilizindua mwezi wa Mei 2024 mkakati wa miaka kumi, ili ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Ni nia njema. Lakini mtungi wa gesi una bei, na nyumba nyingi zenye umeme bado hutumia umeme kwa taa na simu tu, huku chungu kikikaa juu ya kuni. Kwa hiyo, wakati tunangoja mtungi, tusikae mikono mitupu. Anayejenga chumba cha kupangisha na atenge nafasi ya jiko lenye dohani. Shule inayopika uji wa watoto mia kadhaa ijenge jiko banifu kubwa, na kila darasa lipande mstari wake wa miti.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Ngara iliona jinsi msitu unavyokwisha haba kwa haba, mzigo mmoja baada ya mwingine. Ndivyo utakavyorudi pia, mche mmoja baada ya mwingine. Basi, ndugu msomaji, kabla ya kulala usiku wa leo, loweka maharage ya kesho.