Msukumo wa Maji Unapopungua

Hapa Sherikat, ukingo wa mashariki wa Mto Nile, maji twaletewa na malori, nasi huyalipia. Kwa hiyo bomba la jikoni lilipoanza kutiririka kinyonge, mke wangu aliulizia fedha kwanza.

Tangi letu lipo juu ya mnara wa mita 3. Mita 10 za kimo hutoa msukumo wa baa 1 hivi. Sisi hatufikii hata theluthi yake, na tundu dogo hulemaza nyumba nzima.

Jioni nilifunga koki ya chini ya tangi, nikapima kina kwa ufito. Alfajiri kina kilikuwa kile kile: tangi zima. Usiku wa pili niliiacha koki wazi, mabomba yote ya nyumbani yakiwa yamefungwa. Kina kikashuka vidole vinne. Basi mwizi yumo ardhini. Lau kisingalishuka, ningalishuku tope la mto kuziba paipu. (Mafundi wengine huanza kwa kukuuzia bomba jipya!)

Chini ya mwembe, kiangazi hiki, majani yalikuwa mabichi kupita kiasi. Tulichimba, tukakuta kiungo kimepasuka. Mke wangu akapiga hesabu: mwembe ulikuwa ukinywa mapipa mawili kwa juma.