Siku Moja Tongoni

Kiangazi kilichopita, vijana kumi na mmoja wa parokia yetu na mimi tulichanga fedha, tukakodi gari kwa siku moja ili kwenda kuutazama mji mkubwa. Waliosikia walidhani tunakwenda Kindu, au hata Bukavu. Dereva mwenyewe alitaka kwanza kujua habari za mafuta. Nilipomwambia kwamba tunakwenda Tongoni tu na kurudi jioni, alicheka.

«Mwalimu, kule hakuna mji. Kuna miembe na mashamba ya watu.»

«Ndio mji wenyewe,» nikamjibu.

Sababu ya safari ile inanitia haya, lakini bila kuieleza yanayofuata hayatakuwa na maana. Majuma machache kabla yake, katika mazoezi ya kwaya, kijana mmoja aligombana na msichana juu ya nani ataanzisha wimbo wa matoleo. Maneno yakapanda, hata kijana akamwambia mbele ya wote: «Nyamaza, mtoto wa watumwa!» Msichana aliweka daftari lake la nyimbo juu ya benchi, akatoka nje bila kusema neno.

Mimi nilikuwepo. Nimesomea ualimu, na nimefundisha katekisimu kwa zaidi ya miaka ishirini. Najua lipasalo kufanywa mtoto anapomdhalilisha mwenzake. Siku ile nilisema tu: «Tuendelee na ubeti wa pili.»

Nilinyamaza kwa sababu neno lile lilinihusu mimi pia. Nyanya yake baba yangu alifika Kabambare akiwa mtoto mdogo, kwa miguu, katika msafara wa watu waliofungwa. Hakujua jina la kijiji alikozaliwa. Nyumbani kwetu habari hiyo ilisimuliwa usiku, kwa sauti ya chini, na sisi watoto tulionywa tusiitoe nje.

Basi tukaenda Tongoni. Njiani niliwauliza vijana maana ya jina hilo, na hakuna aliyeijua, ingawa wote wamelisikia tangu utotoni. Tongo ni mahali palipokaliwa na watu, kisha pakaachwa. Huko pwani ya Tanzania, karibu na Tanga, kuna Tongoni nyingine, yenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Jina letu limesafiri kutoka baharini pamoja na lugha yetu, kwa njia ile ile ya misafara iliyopita Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Kabambare na kuishia Kasongo na Nyangwe.

Mji wa Kasongo tunaoujua leo haupo mahali pa ule wa kwanza. Ule wa kwanza ulikuwa makao ya Hamed bin Muhammed, mzaliwa wa Unguja, ambaye watu walimwita Tippu Tip, na baada yake mwanawe Sefu. Hinde, daktari Mwingereza aliyeingia humo pamoja na majeshi ya Leopold mwaka 1893, aliandika kwa mshangao juu ya bustani za michungwa na mikomamanga, ghala zilizojaa mpunga, na vitanda vyenye vyandarua. Mpunga tunaojivunia katika Maniema ulienezwa na watu hao. Ni kweli pia kwamba mashamba yale yalilimwa na mateka, na pembe za ndovu zilibebwa na mateka.

Tulipofika, vijana walitazama huku na huku kama watu waliodanganywa. Palikuwa na miembe mikubwa, mihogo, na mama mmoja aliyekuwa akipalilia. Yule mama alituonyesha vigae vya vyungu ambavyo jembe lake huvifukua, akatuambia kwamba wataalamu wa mambo ya kale waliwahi kuja kuchimba. Kijana mmoja aliuliza: «Mji mzima umekwenda wapi?» Nikajiandaa kufundisha.

Kabla sijafungua kinywa, dereva alikuwa amekwisha kushuka garini. Alivua viatu, akasimama pembeni chini ya mwembe, akainua viganja vyake na kuomba dua. Aliporudi alisema: «Wazee wangu wamelala humu.» Yeye ni Mwislamu, na vijana wangu wakatazamana. Mmoja akamwuliza, bila adabu ya kutosha, kama wazee wake ndio waliokuwa wakiuza watu.

Hakukasirika. «Shuleni mmesoma kwamba sisi tuliwauza ninyi,» alisema. «Kwetu tunasimulia kwamba babu yetu alikamatwa akiwa mtoto. Alipokua akapewa bunduki na kanzu, akaambiwa: wewe sasa ni mwungwana. Akaenda kukamata wengine.»

Nilihisi nimepigwa kofi. Neno mwungwana kwa asili yake ni mtu huru asiye mtumwa, na katika nchi yetu wengi walioitwa waungwana walikuwa mateka wa jana. Kiswahili chetu chenyewe kinaitwa Kingwana kwa sababu yao. Ndiyo lugha ninayofundishia Baba Yetu.

Kwa miaka mingi darasani nilikuwa nimefundisha habari hii kwa namna nyepesi: Waarabu waliwatesa watu, kisha wazungu wakaja kuwakomboa. Katika madawati yale walikaa watoto wa Kiislamu, nao walinisikiliza huku wameinamisha vichwa. Sikuwaambia kwamba mwaka 1887 mfalme Leopold II mwenyewe alimweka Tippu Tip kuwa liwali wake huko Stanley Falls, na miaka mitano tu baadaye majeshi yake yakapigana na Sefu, mwana wa Tippu Tip. Sikuwaambia habari za Ngongo Lutete, aliyeteka watu kwa ajili ya Tippu Tip, kisha akawasaidia Wabelgiji kuiteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, na kabla ya mwaka kwisha maofisa wa Kibelgiji wakamwua. Wala sikuwaambia kwamba baada ya ukombozi huo watu wetu walilazimishwa kubeba mizigo na kugema mpira. Hata Livingstone, aliyeandika kwa uchungu juu ya mauaji ya sokoni Nyangwe mwaka 1871, alikuwa amekaa miezi mingi Kabambare akiuguza vidonda vya miguu, na mara nyingi uhai wake ulitegemea chakula na ulinzi wa wafanyabiashara wale wale.

Hapo, chini ya mwembe, niliwaambia vijana habari ya nyanya yake baba yangu. Sikuwahi kuitamka mchana. Nikawakumbusha kwamba Waisraeli waliamriwa kusema wazi mbele ya watoto wao kwamba walikuwa watumwa Misri, nasi tumefundishana kuficha.

Yule msichana alikuwepo; nilikwenda kwao mwenyewe kumwomba aje. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: «Mwalimu, kama ndivyo, kwa nini siku ile hukusema kitu?»

Wote walinyamaza. Nilitafuta jibu la mwalimu, nikalikosa. Nikamwambia: «Niliogopa wasije wakajua kwamba mimi nami ni mmoja wao.» Aliitikia kwa kichwa tu, akageuka kutazama mashamba.

Vijana wapendwa, ningependa kuwaambia kwamba mambo yote yalitengenezeka jioni ile. Kijana aliyetukana aliomba msamaha, na msichana akampokea. Lakini kwenye kwaya hajarudi. Huja Misa na kuketi benchi la nyuma. Simlaumu. Kijana naye alikwenda kumwuliza bibi yake ukoo wao ulitoka wapi, akafukuzwa jikoni. Alirudi mara ya pili, na mara ya tatu bibi akaanza kusimulia. Hajaniambia alichosikia, nami sijamwuliza.

Nawaombeni nanyi mfanye hivyo, kila kundi mahali pake. Ulizeni nyumbani kabla wazee hawajaondoka. Ulizeni pia kwa jirani anayesali tofauti nanyi, kwa sababu huenda nusu ya habari yenu imehifadhiwa kwake.

Kiangazi kijacho tunakusudia kulikodi tena gari lile lile na kuelekea Kabambare, kwa njia aliyoipita yule mtoto asiyejua kijiji chake. Dereva amesema tulipe mafuta tu. Nimemwomba yule msichana aje nasi. Hajanijibu bado.