Timu PDF na Timu Jembe: Nyanya Zilivyowashikisha Adabu Ndugu Wawili wa Mwanza

Basi bwana, pale Igoma jijini Mwanza kuna sista mmoja, jina lake lipo kapuni, ambaye simu yake ilijaa nyanya kabla hajawahi kushika mche hata mmoja. Video za nyanya, PDF za nyanya, magrupu matatu ya WhatsApp ya nyanya. Bando la wiki likiisha kabla ya Jumatano, nyumbani wote wanajua limeliwa na nini.

Sista ana miaka 27. Digrii anayo, ajira hana. Mchana anakaa kwenye kibanda cha uwakala wa pesa cha mtu, usiku anasoma. Kilichomuwasha ni ile posti ambayo kila mtu ameshaiona: eka moja, miche 10,000, kila mche kilo 3, kilo moja shilingi 500, zidisha mwenyewe. Milioni 15 ndani ya miezi michache! Kalkuleta haijawahi kuugua ukungu wala kunyeshewa, kwa hiyo jibu lake siku zote ni tamu. Waliopitia homa ya kware na ile ya matikiti wanaijua vizuri hesabu hiyo.

Ila sista hakuwa mtu wa kukurupuka. Alijiambia asome kwanza, na akasoma kweli, miezi mitano mizima. Akajua tofauti ya nyanya fupi na zile ndefu za kusimikiwa miti. Akajua mbegu chotara na mbegu ya kawaida kama Tanya. Akajua miche hukaa kitaluni wiki tatu mpaka nne ndiyo ihamishwe. Akajua habari za kantangaze, yule nondo mdogo ambaye watoto wake hutoboa majani na matunda, aliyeonekana Tanzania mara ya kwanza mwaka 2014. Jina lenyewe la mtaani linaeleza kila kitu: akiingia shambani kwako, hasara yako inatangazwa kijiji kizima.

Kitu kimoja tu hakuwa nacho: udongo chini ya kucha.

Mdogo wake alikuwa kinyume chake kabisa. Dogo wa bodaboda, kaishia kidato cha nne, mtu wa kuamka na kufanya. Kila jioni wakila ugali na dagaa, mabishano ni yaleyale.

"Sista, nyanya hazijui kusoma PDF. Unachimba, unapanda, unamwagilia. Bibi alilima maisha yake yote, alikuwa na bando?"

"Na bibi alikufa maskini, mdogo wangu."

Mama yao akachoka. Akaenda kwenye kikoba chake, akakopa milioni moja na laki sita, akaweka cherehani yake dhamana. Cherehani hiyohiyo ndiyo iliyowasomesha wote wawili. Akazigawa zile hela katikati, laki nane kwa kila mmoja, akazitandaza mezani.

"Haya, kila mtu anioneshe anachokijua. Ila mkishindwa, mnambie nitashonea nini."

Hapo kicheko kikaisha.

Dogo alianza wiki hiyohiyo. Alipata nusu eka upande wa Kayenze, wilaya ya Ilemela, kodi bei chee, ziwa lipo hatua kama 20 tu kutoka kwenye tuta la mwisho. Kuchota maji ni kuinama na kuinuka. Hakuuliza kwa nini bei ni chee. Hakuuliza msimu uliopita palilimwa nini. Aliona maji, akaona ardhi, akalipa.

Na wiki za mwanzo zilimpa haki, lazima isemwe. Miche ilishika, ikanenepa, ikatoa maua. Status zake za WhatsApp zikawa shamba tupu. Akamtumia dada yake picha ya ua la kwanza na maneno matatu: "PDF inasemaje?" Sista alimaindi. Hakujibu, na wiki kadhaa hawakuongea zaidi ya salamu.

Halafu mchana mmoja mche mmoja ukalala. Jioni ukasimama. Kesho yake ukalala tena, na wa jirani yake pia, majani yakiwa bado ya kijani kabisa. Dogo akaona ni kiu, akaongeza maji. Kila alivyoongeza ndivyo miche mingine ilivyolala. Duka la pembejeo wakamuuzia dawa ya ukungu, akapuliza, wapi! Wakamuuzia nyingine. Baada ya wiki mbili nusu ya shamba ilikuwa imelala na haiamki.

Alimpigia dada yake saa tano usiku. Haikuwa sauti ya yule dogo wa status.

Sista akasahau kununa. "Asubuhi kata shina moja karibu na mzizi. Chukua glasi ya maji safi, lichovye, usitikise. Niambie unaona nini."

Saa moja asubuhi simu ikaita. "Sista, kuna kitu kama uzi wa maziwa unashuka kwenye maji."

Sista alifumba macho. Mnyauko wa bakteria. Huo hauna dawa ya kupuliza. Bakteria wanakaa ardhini, wanaingia kwenye mizizi, wanaziba njia za maji ndani ya shina, ndiyo maana mche unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye tope. Wanapenda joto, wanapenda udongo wenye unyevu, na wanasafiri na maji. Yaani kila ndoo aliyomwaga dogo kuokoa mche mmoja ilikuwa inawapa lifti kwenda kwa mwingine.

"Kabla yako palilimwa nini hapo?"

Dogo akauliza majirani. Nyanya. Na kabla ya nyanya, bilinganya. Ukoo mmoja, ugonjwa mmoja.

Kama vile haitoshi, wiki hiyo akatokea mtendaji na kumuuliza kama anajua habari ya mita 60. Hakujua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu ukingo wenyewe. Na hata bila sheria, wenyeji wa kando ya ziwa wanakumbuka 2020 na 2024 maji yalivyopanda yakameza fukwe, nyumba na mashamba. Kumbe bei chee ilikuwa na sababu zake, na mwenye shamba alizijua zote.

Kilichomuuma sista hakikuwa zile laki nane peke yake. Kila kitu kilichoua shamba la mdogo wake kilikuwa kwenye simu yake, amekipigia mstari wa njano. Swali moja la "palilimwa nini?" lingetosha. Hakuliuliza kwa sababu alikuwa amenuna.

Ikaja zamu yake. Naye sasa alikuwa makini kama daktari wa upasuaji. Robo eka upande wa Sangabuye, mbali na ukingo, kuna kisima, na msimu uliopita palikuwa na mahindi. Kitalu safi, miche imehesabiwa, nafasi imepimwa kwa kamba. Hakuna mche uliolala hata mmoja, na dogo alikubali hadharani kwamba PDF ina mambo.

Shida ilianzia kwenye maji. Ratiba ya kumwagilia aliitoa kwenye video ya mkulima wa nje ya nchi ambaye shamba lake lina mipira ya matone, anafungua koki tu. Sista ana ndoo mbili, kibarua wa kubahatisha, na zamu za kibandani. Kwa hiyo siku akiwepo anamwaga maji mengi kufidia siku ambazo hakuwepo. Nyanya zikawa kubwa, nzuri, za kupiga picha. Halafu siku moja akageuza moja kwa chini akakuta kitako kina doa jeusi limebonyea. Akageuza ya pili, na ya tatu.

Usiku akaingia mtandaoni, jibu likaja haraka: upungufu wa kalisiamu. Akanunua booster ya kalisiamu, akapuliza. Vitako vikaendelea kuoza. Akanunua nyingine, kama vile dogo alivyonunua ya pili.

Jirani wa shamba lile ni mzee mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akipita kila asubuhi na baiskeli yake, anasalimia "Mwangaluka" na kuendelea na safari. Siku hiyo alisimama, akatazama zile nyanya, akatazama ndoo.

"Mjukuu wangu, hizi nyanya unazinywesha kama mlevi. Leo zinalewa, halafu siku tatu zina kiu."

Sista alicheka. Halafu akanyamaza. Usiku akafungua tena PDF na kuisoma sentensi ambayo alishaisoma mara nne bila kumwambia kitu: kalisiamu hupanda na maji. Udongo unaweza kuwa nayo tele, lakini maji yakiwa ya leo yapo kesho hayapo, haifiki kwenye tunda. Mzee hajawahi kusikia neno kalisiamu. Simu haijawahi kuiona ile ndoo. Wote wawili walikuwa wanaongelea kitu kilekile.

Akaanza kumwagilia kidogo kidogo kila siku, akiamka alfajiri kabla ya kibanda. Matunda yaliyofuata yakatoka na vitako vizima. Ila mengi yalishaharibika, na alipofika sokoni alikuta kila mtu kavuna wiki hiyohiyo. Dalali akataja bei bila hata kumtazama, na tenga lazima lijazwe lumbesa, lifurike mpaka juu. Kalkuleta ya ile posti haina kitufe cha lumbesa. Kati ya laki nane alizoweka, zilirudi laki tano na elfu arobaini.

Siku ya marejesho ya kikoba nyumba ilikuwa kimya. Sista aliuza laptop yake, ileile yenye PDF zote. Dogo alileta hela za bodaboda za miezi miwili, noti chakavu zimefungwa na mpira. Cherehani ilibaki mahali pake. Bi mkubwa hakusema neno, alikaa akakanyaga pedali mpaka usiku, na wote wawili walielewa.

Huko Sangabuye sista alikwenda kumuaga mzee. Akamwambia amechoka na utafiti, kusoma kwote kule hakujamsaidia. Mzee akacheka mpaka akashika baiskeli.

"Sisi tulilima pamba. Mbegu tulizopewa ziliitwa UK. Unadhani ni za Uingereza?"

Sista kweli alidhani ni za Uingereza.

"Ukiriguru! Hapo Misungwi."

Na ni kweli. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru kipo tangu miaka ya 1930, na mbegu za pamba kama UK77 na UK91 zimebeba herufi za jina lake. Mbegu za namna hiyo hazizaliwi kwenye makaratasi. Watu wanapanda, wanaangalia, wanaandika, wanatupa zilizoshindwa, wanapanda tena, msimu kwa msimu, miaka na miaka, ndiyo mkulima apewe.

"Utafiti ni kulima, mjukuu wangu," mzee akasema. "Wenzetu wanatuzidi daftari tu."

Sista aliondoka na maneno hayo kichwani. Alichokuwa anafanya miezi mitano kilikuwa kusoma majibu ya mashamba ya watu wengine, yenye udongo mwingine na maji mengine. Dogo naye alilima, lakini hakubaki na kitu zaidi ya machungu, maana hakuandika hata tarehe ya kupanda. Mmoja alikuwa na daftari bila shamba, mwingine shamba bila daftari, na bili ya wote wawili ikaenda kwenye cherehani moja.

Msimu uliofuata walirudi palepale Sangabuye, kwenye kipande cha pembeni ambacho hakikupandwa nyanya. Safari hii hakuna kikoba, hakuna eka, hakuna milioni 15. Matuta sita tu. Mawili wakamwagilia kila asubuhi, mawili wakamwagilia hivyohivyo na kuyafunika nyasi kavu, mawili wakayaacha kwa mtindo wa zamani wa sista ili waone kwa macho yao. Na wakabadilishana kazi makusudi: sista abebe ndoo, dogo ashike daftari.

Matuta ya nyasi ndiyo yaliyoshinda, vitako vilivyooza vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Yale mawili ya mtindo wa zamani yalioza kama mara ya kwanza, na sista alisimama mbele yake muda mrefu akiangalia hela zake za mwaka jana. Faida ya msimu mzima ilikuwa laki moja na elfu tisini. Hakuna mtu atakayeipigia posti faida hiyo, lakini ilikuwa ya kwanza ambayo wangeweza kueleza imetoka wapi.

Mwandiko wa dogo ni mbaya, anaandika kama anakimbizwa na trafiki. Ila kuna ukurasa mmoja ambao sista aliupiga picha na kumtumia mama yao. Unasema hivi:

"Jumanne. Mche mmoja umelala saa saba mchana. Nimekata shina, nimechovya kwenye glasi. Maji safi. Ilikuwa kiu tu."

Haya wadau, wewe upo Timu PDF au Timu Jembe? Na ada yako ya kwanza ya kujifunza ilikuwa shilingi ngapi? Shusha komenti hapo chini, na usidanganye, hapa kila mtu ana shamba lake lililolala.