Barua kutoka Mtanda

Dada yangu mpendwa,

Nimefika Lindi salama, na hapa Mtanda Shangazi amenipokea kwa wali wa nazi na pweza. Sasa yuko barazani anasuka ukili. Vidole vinakwenda vyenyewe, macho yako njiani kwa wapitao. Unajua hajaolewa maisha yake yote. Jana jirani alimwuliza tena sababu. Akajibu, "Nilikuwa na kazi," akachomeka chane nyingine.

Nikamkumbuka Bi Caroline Thackeray, mwalimu wa misheni huko Unguja, ambaye naye hakuwa na mume. Ndugu yake wa ukoo, William Makepeace Thackeray, ndiye mwandishi wa riwaya ya Vanity Fair ya miaka ya 1847 na 1848. Humo yumo Miss Crawley, mwanamke mzee tajiri asiye na mume, jamaa zake wamemzunguka wakivizia mirathi. Charles Dickens naye, katika riwaya yake, alimfungia Miss Havisham ndani ya gauni la harusi lililochakaa, saa zote za nyumba zimesimama. Zamani nilimlilia Miss Havisham. Siku hizi namkasirikia aliyemtunga: kwa nini mwanamke akikosa mume, na saa zisimame?

Saa za Bi Caroline hazikusimama. Alifika Unguja mwaka 1877 akaongoza shule ya misheni ya wasichana pale Mbweni, wengi wao wakiwa wametolewa katika majahazi ya watumwa. Hakuolewa. Alifia Unguja mwaka 1926. Karibu miaka 50, dada!

Na Lindi inaingiaje? Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ile ile alishuka bandari hii na watu wa Mbweni walioachiwa huru utumwani, wakatembea hadi Masasi wakajenga kijiji. Miaka iliyofuata, baadhi ya wasichana waliosoma Mbweni waliletwa huku kusini wakiwa wake wa walimu na makasisi. Hapo ndipo moyo unaniuma. Bi Caroline aliishi bila mume na akaheshimiwa. Wanafunzi wake walilelewa wawe wake wa watu, na mara nyingi misheni ilikuwa na mkono katika ndoa zao. Laiti nao wangeachiwa nafasi ya kujibu kama Shangazi.

Wewe uko Unguja, magofu ya shule ile yapo hadi leo. Nenda Mbweni, kisha uniandikie ulichokiona.

Shangazi anakusalimu sana. Ukili huu ni wa mkeka wako. Ataushona wiki ijayo.

Mdogo wako